Sura ya Saba: Doa Kwenye Bomba Jeupe

Kipande cha bomba kilikuwa mezani kwa mkuu wa kituo, ndani ya mfuko wa nailoni, na kila aliyeingia ofisini asubuhi ile alikitupia jicho mara moja akahukumu. Kilikuwa cha plastiki nyeupe yenye mstari mwekundu ubavuni, urefu wake kama kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Kichwani kilikuwa na nati ya shaba ya njano, na kwenye nati kulikuwa kumelehemiwa kijibomba cha shaba nyekundu. Pale pale plastiki ilipoanzia palikuwa na doa la kahawia lililozunguka bomba zima.

"Limeungua," alisema Afande Leonard, mkuu wa kituo. "Fundi kapiga moto kwenye shaba, joto likatembea, plastiki ikalainika, siku ya siku ikaachia. Kesho asubuhi tunampandisha kizimbani kwa uzembe uliosababisha madhara, na mimi nipumue."

Inspekta Hidaya Mkude alivuta kiti bila kukaribishwa. Kesi aliijua. Jumapili, katika nyumba ya wazazi ya masista juu ya Kinole, bomba la maji ya moto la darini liliachana katikati ya chumba cha kujifungulia. Maji yaliyochemshwa na jua juu ya paa yaliporomoka kitandani. Nesi Upendo alimlalia mtoto aliyezaliwa muda huo huo, akayapokea maji kwa mgongo wake mwenyewe. Mtoto hakuguswa. Upendo alikuwa amelazwa mjini, kifudifudi, na fundi aliyefunga bomba alikuwa mahabusu.

"Nani alisema limeungua, afande?" Hidaya aliuliza.

"Macho yangu."

"Kabla ya macho yako."

Leonard alicheka kidogo. "Geofrey, mtunza majengo wa pale. Kijana makini sana yule. Hatujaweka hata ngazi, akatuambia, mtakuta limeungua pale shaba inapokutana na plastiki. Tukapanda, tukakuta kama alivyosema. Tukaikata shaba juu yake, tukaja na kipande."

Hidaya aliinuka. Aliuchukua mfuko, akautia kwenye mkoba wake, akatoka. Leonard aliinua mkono kumzuia, kisha akaushusha. Walikuwa wamefanya kazi pamoja muda wa kutosha kujua nani huwa anashinda.

*

Fundi Scholastika Banzi aliletwa chumba cha mahojiano akiwa bado amevaa ovaroli. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na ushee, mabega mapana, na vidole vyenye makovu madogo madogo ya moto. Alikaa, akaweka mikono mezani.

"Shikamoo afande. Nimekuamkia kwa sababu mama yangu alinifunza adabu, si kwa sababu nimefurahi kukuona."

"Marahaba. Hata mimi sikuja kufurahishwa. Nieleze ulivyofunga lile bomba."

"Nimeshaeleza. Wameandika mstari mmoja: fundi anakana."

"Nieleze mimi."

Hidaya hakumwonyesha kipande cha bomba. Kilikuwa kwenye mkoba, chini ya meza, karibu na mguu wake. Ukimwonyesha mtu jibu kwanza, atakutengenezea swali linalolifaa, na Hidaya hakutaka kutengenezewa.

Scholastika alivuta pumzi, na hapo ndipo Hidaya alipogundua kwamba mwanamke huyu alikuwa akiombea mtu yeyote amuulize juu ya kazi yake, hata kama ni polisi.

"Sikiliza. Maji yanayotoka kwenye mtambo wa jua ni ya moto kweli kweli. Pale juu huwezi kuweka plastiki, lazima shaba. Ukishashuka darini ndiyo unaingia plastiki ya mstari mwekundu, hiyo inavumilia maji ya moto. Sasa shaba inaungwa kwa moto, na plastiki inauawa na moto. Kazi yote iko hapo. Ukishindwa hapo wewe si fundi, wewe ni mchoma mahindi."

"Kwa hiyo unafanyaje?"

"Kila kiungo ninachoweza kukilehemu chini, nakilehemu chini. Uani, mbali na nyumba. Nasugua shaba kwa msasa mpaka ing'ae, napaka dawa, nachomeka. Moto naupeleka kwenye shaba, si kwenye lehemu. Shaba ikishika joto, unagusisha tu waya wa lehemu, yenyewe inanyweka ndani, inazunguka, inafunga. Ukiona mtu anayeyusha lehemu kwa ulimi wa moto na kuidondoshea juu, mfukuze kwako. Kisha naacha ipoe. Siimwagii maji, siipulizi. Ikipoa ndiyo napanda nayo, naifunga na plastiki kwa nyuzi za nati na spana. Bila moto hata wa njiti."

"Viungo vyote vilikubali kulehemiwa chini?"

Scholastika hakuwa mtu wa kusema uongo, na ukweli huu ulikuwa unamuuma kidogo.

"Kimoja kilikataa. Elbo, ile kona ya shaba inayotokea kwenye paa. Waliojenga walishafukia plastiki ukutani, nati iko pale pale, na shaba lazima ikutane nayo kwa kona. Ile nililehemu huko huko juu."

"Mbali kiasi gani na plastiki?"

"Shibiri mbili. Najua unachofikiria, ni karibu. Ndiyo maana sikukurupuka. Nilikausha bomba kwanza, maana tone moja la maji ndani lehemu haishiki, na ukiona haishiki utazidisha moto, na hapo ndipo watu wanaunguza. Nikasimamisha bati kati ya moto na mbao. Nikageuza ulimi wa moto uangalie paa, sio plastiki. Kisha shaba nikaivisha nguo ya maji."

"Nguo ya maji?"

"Wengine wanafunga kitambaa kilicholowa. Kitambaa kinakauka, na kikikauka kinawaka. Mimi kwetu Kinole bwana, migomba iko hadi mlangoni. Nikabandua ganda la mgomba mbichi, nikalikunja mara tatu, nikafunga na kamba yake yenyewe. Ganda la mgomba linabeba maji kuliko kitambaa chochote. Joto linatembea kwenye shaba, likifika pale linakuta maji, linaishia hapo. Ukimaliza, upande wa moto limebabuka, upande wa pili bado linadondosha."

"Ulilifunga mpaka wapi?"

"Kwenye shaba, juu ya nati, nikamalizia juu ya plastiki yenyewe. Kama shuka la mtoto, mpaka shingoni."

Hidaya aliinama kana kwamba anatafuta kalamu. Ndani ya mkoba, kupitia nailoni, alilitazama tena lile doa la kahawia. Kila mwanamke aliyekulia Morogoro ana kanga moja aliyoiharibu kwa utomvu wa mgomba. Yake ilikuwa mpya, ya njano, na mama yake aliifua kwa kila sabuni iliyouzwa sokoni. Doa lilibaki, kahawia, lenye ukingo mweusi kidogo. Kama hili.

"Haya," alisema, akainuka. "Pumzika kwanza."

"Nipumzike wapi afande, mle ndani na kunguni?" Kisha sauti ikashuka. "Afande, mimi nikifungwa, hata nikitoka, nani ataniruhusu tena niingie na tochi ya gesi nyumbani kwake? Watasema ndiye yule aliyemuunguza nesi. Nimesoma hii kazi wanaume wakinicheka darasa zima. Hili jina ndilo kila kitu nilichonacho."

Hidaya hakumwahidi chochote. Alijua ahadi za polisi zinavyooza.

*

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi Msamvu, Yusuph mwenye duka alimletea alichoomba: kipande cha bomba kama lile, mstari mwekundu ule ule, na kiberiti cha gesi.

"Lichome," alisema Hidaya.

"Nichome mali nzuri?"

"Chakavu hilo, nimeona umelitoa kwenye pipa."

Yusuph akawasha. Plastiki haikugeuka kahawia. Ilivimba kwanza, ikang'aa, ikatoa mapovu, ikawa nyeusi na kuanza kudondoka, na harufu yake iliwafanya wateja wawili wahamie nje. Hidaya alitoa kipande cha kielelezo kwenye mfuko, akapitisha ukucha juu ya doa. Laini. Hakuna uvimbe, hakuna povu. Bomba lilikuwa duara kama lilivyotoka kiwandani. Akalinusa. Lilinuka mfuko wa nailoni.

"Na kuna uwezekano kwamba plastiki yenyewe ni mbovu?" aliuliza. Hilo ndilo alilokuwa akilipigia hesabu tangu asubuhi, kwamba masista waliuziwa bomba la maji baridi.

Yusuph alilizungusha mkononi. "Hili ndilo lenyewe. Haliachii kwa maji ya jua, labda liwe limeunguzwa. Na halijaunguzwa." Akageuza ncha ya pili, ile isiyo na nati, akaitazama kwa karibu. "Hapa limekatwa. Kwa msumeno wa chuma, na aliyekata alikuwa na haraka. Angalia ndevu hizi."

Ncha ilikuwa na nyuzinyuzi za plastiki zilizosimama pembeni. Hidaya alimpigia simu mkuu wake akiwa bado amesimama dukani.

"Doa ni utomvu wa mgomba, afande. Fundi alilivalisha bomba ganda kulilinda. Tunachokiita kosa ndicho alama ya uangalifu wake."

Leonard akasema, bila hasira, "Utomvu haufungui bomba, Hidaya. Nesi yuko hospitali mgongo hauna ngozi. Kitu kiliachia. Kama si kazi ya fundi, niletee hicho kilichoachia. La sivyo kesho anapanda."

"Naomba niende naye Kinole. Na vifaa vyake vyote."

"Mchukue. Msije mkanipotelea huko."

*

Gari la polisi liliacha lami, likaanza kupanda. Kulia milima ilikuwa imevaa ukungu hadi kiunoni, na kando ya barabara wanawake walikuwa wanashusha mafenesi na mikungu ya ndizi. Scholastika, pingu mikononi, alitazama nje njia nzima na kumwonyesha Hidaya nyumba moja baada ya nyingine. Pale nilifunga bafu. Pale walinipa kuku. Pale mwenye nyumba alitaka plastiki tupu mpaka kwenye mtambo wa jua, nikakataa kazi. Alisema hayo kwa fahari, na Hidaya alijikuta anapenda kumsikiliza.

Sista Veronika, mkuu wa nyumba ya wazazi, aliwapokea barazani. Alikuwa mwanamke mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo Sista," alisema Hidaya.

"Marahaba mwanangu. Mmemleta?" Alimwona Scholastika, akashika msalaba wake. "Scholastika, mwanangu. Mimi sikusema neno baya juu yako. Niliulizwa nani alifunga, nikajibu."

"Najua, Sista," alisema Scholastika.

Hidaya aliomba ngazi. Alipanda mwenyewe, kwa mwanya ambao polisi waliubomoa kwenye dari, akiwa na tochi mdomoni na kielelezo mkononi. Darini kulikuwa na joto na vumbi la popo. Aliiona shaba ikishuka kutoka kwenye paa, ikiishia pale askari wenzake walipoikata. Aliona mashimo ya skrubu kwenye ubao, pale klipu zilipolishika bomba. Mbele zaidi, juu ya kitanda cha kujifungulia, lilianza bomba la pili, jeupe vile vile, lililokwenda bafuni. Nalo ncha yake ilikuwa na ndevu.

Akafanya jambo ambalo hakuna askari aliyelifikiria. Alikirudisha kipande mahali pake. Shaba kwa shaba, mkato kwa mkato, akakilaza kwenye alama za klipu. Kama bomba liliachana lenyewe, ncha mbili zilipaswa kubusiana.

Hazikubusiana. Kati yake palikuwa na pengo, na pengo lilimeza kiganja chake chote na vidole.

"Fundi!" aliita. "Kati ya shaba na bafuni uliweka viungo vingapi?"

Sauti ya Scholastika ikatoka chini. "Hakuna! Moja kwa moja! Kiungo juu ya kitanda cha mzazi mimi nina wazimu?"

Hidaya alimulika zile ncha mbili. Kwa nje zilikuwa na utando wa gundi iliyokauka, na kwenye gundi kulikuwa kumenasa chembechembe za kijivu. Kulikuwa na kipande cha tatu hapa. Kilikuwa cha kijivu, na mtu alikiondoa.

*

Jikoni, nyuma ya wodi, Bi Semeni mpishi alikuwa anakoroga uji wa wazazi kwenye sufuria kubwa. Alikuwa mnene, mwenye sauti iliyozoea kuita watu kutoka bondeni. Hidaya alimwamkia, akasifia uji, akakaa kwenye kigoda. Alipoona bomba la ukutani juu ya karai la vyombo, alilifungua. Halikutoa kitu.

"Hilo limekufa tangu Jumapili," alisema Bi Semeni. "Na lilikuwa limetufaa, mwanangu we. Maji ya moto tele, vyombo vinang'aa."

"Scholastika ndiye aliyewafungia?"

"Huyo? Huyo alikataa katakata. Nilimwomba, akasema bomba la chumba cha wazazi haliguswi, subiri nije nikufungie lako peke yake. Ana maringo yule, lakini anasema kweli. Geofrey ndiye aliyetuonea huruma. Mungu ambariki kijana yule."

Hidaya aliendelea kutazama sufuria. "Alifungaje, na hana mashine ya kuunga plastiki?"

"Kwa jiko langu hili hili la mkaa. Alileta bomba la kijivu lenye tawi la kuja huku jikoni, akalizungusha juu ya moto mpaka likalegea kama muhogo uliochemka, akalipanua mdomo kwa chupa. Akasema litayavaa yale meupe kama soksi. Maharage yangu siku ile yalinuka plastiki, wazazi wakayagomea." Akacheka. Kisha kicheko kikakatika katikati, mwiko ukasimama kwenye uji. Alikuwa amemtazama Hidaya usoni. "Mama yangu. Ndilo hilo?"

"Ndilo hilo, bibi."

Bi Semeni aliutoa mwiko, akauweka pembeni. "Na yule mtoto wa watu yuko na pingu."

*

Geofrey aliitwa uani, nje ya dirisha la wodi. Alikuwa kijana mrefu, nadhifu, funguo za nyumba nzima kiunoni. Alimwamkia kila mtu kwa zamu yake, lakini hakumtazama Scholastika.

"Geofrey," alisema Hidaya, "wewe ulipanda darini lini mara ya mwisho?"

"Sijapanda afande, tangu fundi aje. Ile kazi nilinyang'anywa."

"Hata Jumapili, baada ya ajali?"

"Hata Jumapili."

"Bomba halikuanguka. Lilishikwa na klipu, lilibaki juu mpaka askari walipobomoa dari. Na wewe uliwaambia kabla hawajaweka ngazi kwamba limeungua pale shaba inapokutana na plastiki. Uliliona na nini?"

Geofrey alishika funguo zake. Hakuna aliyemsaidia. Wazazi wawili, mmoja na mtoto kifuani, walikuwa wamesogea dirishani.

"Mficha uchi hazai," alisema Bi Semeni kwa utaratibu. "Sema, mwanangu. Nimeshasema mimi."

Akasema. Alipanda Jumapili, maji yakiwa bado yanadondoka, akalikuta bomba lake la kijivu limechomoka kama soksi iliyolowa. Alilitoa, na bomba lililokwenda jikoni akalitoa, akavitupa shimoni nyuma ya mitiki. Aliogopa. Alitaka tu kusaidia jikoni, na kuonyesha kwamba hata yeye anaweza. Hidaya alimwamini kwa hayo yote. Askari dereva alitumwa shimoni, akarudi na kipande cha kijivu chenye tawi, na masizi ya mkaa mdomoni. Kilikuwa na urefu wa pengo, na ziada kidogo kila upande.

"Lakini na yeye aliunguza," alisema Geofrey ghafla, akimwelekezea Scholastika kidole. "Sijazua. Niliona kwa macho yangu, kahawia, bomba limezungukwa. Pengine ni moto wake uliolilegeza, langu likashindwa kushika. Mbona mnanibebesha peke yangu?"

"Mluguru mzima," alisema Bi Semeni, "hujui doa la mgomba?"

Mzazi mmoja dirishani akacheka, akaziba mdomo. Geofrey hakuelewa. Hidaya alielewa vizuri sana kwamba wakili yeyote angelisema neno hilo hilo kesho, kwamba moto karibu na plastiki ni moto karibu na plastiki, na kwamba Afande Leonard angetikisa kichwa kukubali. Aliuchukua ufunguo wa pingu.

"Fundi, ile elbo askari wetu waliikata. Unaweza kuilehemu tena pale pale, plastiki ikiwa imeshafungwa, kama siku ile?"

Scholastika alikunjua mikono iliyofunguliwa, akasugua vifundo vya mikono. "Kama siku ile. Lakini nina sharti."

"Wewe ni mahabusu, unatoa masharti?"

"Moja tu. Anayesema niliunguza, apande akalishike bomba. Kwa mkono mtupu, pale kwenye shingo ya plastiki, muda wote nikiwa nimewasha moto."

Sista Veronika alisema, "Ataungua."

"Akiungua, Sista, nirudisheni ndani mimi mwenyewe."

Mgomba ulikatwa hapo hapo nyuma ya jiko. Scholastika alibandua ganda la nje akalitupa, akachukua la pili, jeupe, lililojaa maji, akalikunja. Walipopanda darini alifunga kipande kipya cha plastiki kwenye nati, akakipanga kwenye klipu. Alichungulia ndani ya shaba, akaingiza kitambaa kikavu kilichofungwa kwenye waya, akakitoa, akakishika shavuni kujua kama kina unyevu. Alisugua, akapaka dawa, akachomeka elbo. Akalifunga ganda, akalikaza, akasimamisha bati. Hakuharakisha hata kimoja. Hidaya, aliyebanwa kwenye mbao na buibui, alisahau kwa muda kwamba alikuja kutafuta mhalifu. Hakuwa amewahi kuona mtu akiuheshimu moto namna ile.

"Shika," alisema Scholastika.

Geofrey aliweka kiganja kwenye plastiki. Jasho lilimdondoka kwenye kidevu.

Tochi ya gesi ikawaka. Ulimi wa buluu uliilamba elbo upande wa mbali, ukiangalia bati. Shaba ilibadilika rangi. Dawa ikachemka, ikatoa moshi kidogo. Ganda la mgomba lilianza kulia, ukingo wake ukakunjamana, ukawa mweusi, na chini yake maji yakaendelea kutona polepole kwenye vidole vya Geofrey. Alifumba macho. Alitaka kuutoa mkono, lakini Hidaya alikuwa ameweka wake juu yake, na hakumruhusu.

Scholastika aligusisha waya wa lehemu. Ukanyweka mara moja, ukazunguka kiungo, ukafunga kwa mstari mwembamba unaong'aa. Akazima. Shaba iliyokuwa inapoa ilitoa milio midogo.

"Bomba likoje?" Hidaya aliuliza.

Geofrey alifumbua macho. Aliutazama mkono wake, akakiona kiganja chenye maji, kizima. Alikisogeza juu na chini kwenye plastiki, taratibu, akitafuta mahali penye joto. Hakupata.

"Baridi," alinong'ona.

"Sema kwa sauti. Sista yuko chini, na wazazi wapo dirishani."

Machozi yalikuwa yamemjaa, na alimtazama Scholastika usoni kwa mara ya kwanza tangu alipoitwa uani.

"Ni la baridi," alisema kwa nguvu, mpaka chini wakasikia. "Hakuunguza. Dada Scholastika hakuunguza kitu. Ni mimi."

Chini mtu alipiga vigelegele, mwingine akafuata, kisha wodi nzima. Scholastika Banzi, aliyekuwa na neno kwa kila jambo, hakujibu. Alichukua kitambaa chake na kuendelea kukifuta kile kiungo, kikiwa tayari safi, akikifuta na kukifuta, huku mabega yake mapana yakitikisika, na Hidaya akageukia upande wa pili amwache alie.